Semina ya lishe shuleni ianzie jikoni

Siku hizi ukipita shule za sekondari, hasa za mjini, si ajabu ukakuta spika kubwa uwanjani, mabango ya matunda ukutani na wanafunzi mia tano wamepangwa mistari wanaruka kwa muziki. Ni semina ya lishe na mazoezi. Zimekuwa nyingi, zinaletwa na mashirika, makampuni, wanafunzi wa vyuo, saa ingine wazazi wenyewe, na mjadala unaofuata huwa ni ule ule: wapo wanaosema afadhali watoto wameanza kufundishwa kula vizuri, na wapo wanaosema ni kupotezeana muda, mtoto ana njaa unamfundisha nini habari za parachichi. Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote zinaichukulia semina kama kipindi cha darasani, yaani kuna kitu wanafunzi hawajui, aje mtu awaambie. Ukikaa na hao wanafunzi nusu saa tu unagundua mengi wanayajua. Kinachokwamisha kiko kwenye sufuria la shule na kwenye ratiba ya shule, vitu viwili ambavyo mwanafunzi hana mamlaka navyo hata kidogo. Kwa hiyo semina ninayoitetea hapa ni ile inayowakalisha mwanafunzi, mpishi, mwalimu wa zamu na mkuu wa shule meza moja wapange wiki ijayo watu watakula nini na watatembeza miili yao saa ngapi.

Tuangalie kwanza anachokula. Mwanafunzi wa bweni asubuhi uji, mchana ugali maharage, usiku ugali maharage tena au makande, wali mara moja au mbili kwa wiki, nyama ikitokea imetokea. Mboga za majani zinategemea msimu na zinategemea mzabuni, na mzabuni naye anategemea kulipwa, akidai muda mrefu anachokata kwanza huwa ni vile vinavyooza haraka, mboga na matunda, mahindi na maharage yanabaki. Wa kutwa ana maisha mengine kabisa. Alfajiri yuko kituoni anagombania daladala, tumboni hamna kitu, saa nne andazi mbili au mihogo ya kukaanga na pilipili, mchana kama wazazi walikubaliana kuchanga anapata makande, kama kikao kilivunjika anakaa hivyo hivyo mpaka saa nane na nusu, alafu tuisheni, anafika nyumbani giza limeingia. Kwenye shule za serikali ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilifutwa 2016, ya cha tano na cha sita ikafutwa 2022, jambo kubwa sana lililoingiza watoto wengi shuleni, ila chakula cha mchana kwenye shule za kutwa kimebaki kuwa habari ya makubaliano ya wazazi na shule. Hapo ndo lishe ya mwanafunzi wa Tanzania inapoamuliwa, kwenye kikao cha wazazi cha mwanzo wa mwaka, na kwenye hicho kikao sijawahi kumwona mtu wa semina hata mmoja.

Na mazoezi je. Sisi tuliosoma zamani kidogo tunakumbuka mchakamchaka, asubuhi kabla ya usafi mnakimbia mnaimba, mwembamba kwa mnene, anayejua mpira na asiyejua, wote. Kuna shule bado wanao, nyingi umekufa kimya kimya kwa sababu asubuhi imeliwa na vipindi vya ziada. Kilichobaki ni michezo ya mashindano. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ni kitu kizuri, imetoa wachezaji, lakini kwa jinsi ilivyo inachuja, shule ya watu mia nane wanatoka wachache wanaocheza na waliobaki wanashangilia. Alafu kuna jambo ambalo watu wa semina wanalipita bila kuliona: kwenye shule zetu zoezi ni adhabu. Umechelewa, ruka kichura. Umepiga kelele, pushapu ishirini. Mtoto amekaa miaka minne akijifunza kwamba kuutesa mwili ndo malipo ya kosa, leo anakuja mgeni na filimbi anamwambia zoezi ni furaha. Hawezi kuelewa hivyo kwa siku moja, na kama kesho yake mwalimu wa zamu anamrusha kichura tena basi ile semina imefutwa na shule yenyewe.

Hili la kutotembeza mwili si letu peke yetu. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa 2019, wa wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi dakika 60 za shughuli za mwili kwa siku, wasichana asilimia 85 na wavulana 78. Hiyo tofauti ya wasichana kwetu inaonekana kwa macho. Fomu wani wanacheza wote, ukifika fomu tuu na fomu thrii wasichana wanaanza kukaa pembeni, ukiwauliza wanakutajia sababu zilizonyooka: sketi, hedhi, hamna pa kubadilishia nguo, hamna maji ya kunawa baada ya kukimbia, na wavulana waliopanga mstari wanawatazama vifua. Hakuna bango la lishe linalojibu hayo, yanajibiwa na ndoo za maji, chumba chenye mlango na ratiba inayowapa wasichana uwanja wao na saa yao.

Wanaozitetea semina wana hoja nzito, na naikubali. Mipango yetu mingi ya lishe, na kwa sababu nzuri, imeelekea kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, zile siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Kijana wa miaka 15 anasahaulika katikati, si mtoto wa kliniki na si mtu mzima wa presha. Wakati huo ndo mwili unakua kwa kasi kwa mara ya pili, mifupa inajengwa, kiasi cha asilimia 90 ya uzito wa juu kabisa wa mifupa kinakuwa kimeshajengwa msichana anapofika miaka 18 hivi, na akishaanza hedhi anahitaji madini chuma mengi kuliko mvulana wa rika lake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, na ule wa 2015/16 ulikuwa umekuta 45, yaani miaka saba tumesogea hatua moja ndogo. Yule msichana anayesinzia kipindi cha hesabu saa saba mchana anaitwa mvivu, huenda ni damu. Kwa hiyo mtu akiniambia umri huu usiachwe, niko naye.

Wanaopinga wana hoja tatu na hazilingani uzito. Ya kwanza, kwamba watoto wana njaa, elimu ya lishe ni ya walioshiba. Ina ukweli mkubwa kwa shule ambazo mchana hamna chakula kabisa, huko kabla ya semina yoyote kinatakiwa chungu. Lakini shule nyingi chakula kipo, kinachokosekana ni mpangilio, na hapo ndo ujuzi wa lishe unaleta faida kubwa kwa hela ndogo, nitarudi hapo. Ya pili, kwamba semina ya siku moja haibadilishi tabia. Hii ndo yenye nguvu kuliko zote na ndo iliyonifanya niandike. Ya tatu ndo dhaifu kabisa na kwa bahati mbaya ndo inayosikika zaidi kwa wakuu wa shule: mazoezi yanakula muda wa masomo, tunatafuta divisheni wani hapa. Hii imepimwa. Mwaka 2010 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilipitia tafiti 50 zilizoangalia uhusiano wa mazoezi shuleni na ufaulu, wakahesabu mahusiano 251. Zaidi kidogo ya nusu yalikuwa chanya, asilimia 48 hayakuonyesha tofauti yoyote, na yaliyoonyesha hasara yalikuwa asilimia 1.5 tu. Mwalimu anayefuta kipindi cha michezo ili aongeze hesabu hajawaongezea wanafunzi hesabu, amewaongezea kukaa. Na wale wanaosema vijana wa sasa wavivu tu, simu zimewaharibu, nawaomba wafuate ratiba ya mwanafunzi mmoja wa kutwa kuanzia alfajiri mpaka usiku, siku moja tu, alafu waniambie uvivu aliufanya saa ngapi.

Nirudi kwenye ile hoja yenye nguvu. Niliwahi kusaidia kuendesha semina kwenye shule moja ya kutwa, tulijiandaa vizuri, picha nzuri, makundi ya vyakula yote. Mwishoni binti mmoja wa fomu thrii akanyoosha mkono, akasema kwa adabu kabisa, "Madam, haya tulisoma darasa la tano. Sasa hapa shuleni tunda tunalipata kwa nani?" Sikuwa na jibu. Mkuu wa shule alishaondoka baada ya kufungua, mpishi alikuwa jikoni anageuza makande, muuza duka la shule alikuwa anapanga soda na biskuti, na sisi tulikuwa tunaongea na watu pekee katika eneo lile wasioweza kubadilisha chochote. Ndo siku hiyo niliyoelewa tumekosea mlango.

Kuna mfano mkubwa wa kazi iliyopita mlango wa pili. Marekani, miaka ya 1990, walifanya jaribio lililoitwa CATCH, shule za msingi 96 kwenye majimbo manne, 56 zikapewa programu na 40 zikabaki za kulinganishia. Hawakuishia kufundisha watoto, waliwafundisha wapishi na wakabadilisha vipindi vya michezo. Matokeo yaliyotoka 1996: nishati itokanayo na mafuta kwenye chakula cha mchana ilishuka kutoka asilimia 38.7 hadi 31.9, wakati zile shule nyingine ilitoka 38.9 ikaishia 36.2, na watoto wakawa wanajishughulisha zaidi kwenye kipindi cha michezo. Kolesteroli kwenye damu zao haikubadilika kwa maana, na hilo lisemwe wazi, miaka mitatu haikutosha au mabadiliko hayakuwa makubwa vya kutosha. Lakini sahani ilibadilika kweli, na ilibadilika kwa watoto wote wa hizo shule, yule anayependa lishe na yule asiyeijali, kwa sababu aliyebadilika ni mpishi. Sahani yao ina shida tofauti na yetu, wao walikuwa wanapunguza mafuta, sisi tunatafuta mboga na damu, ila njia ya kufika ndo hiyo hiyo.

Sasa hapo jikoni kuna nini cha kufanya bila kusubiri mfadhili? Vingi. Maharage yakilowekwa usiku yanaiva haraka, kuni zinapungua, na vile vizuizi vinavyoshika madini chuma vinapungua pia. Madini chuma ya kwenye maharage mwili unayachukua kwa shida, lakini ukikamulia limau kwenye sahani, kwenye sahani maana ukilipika vitamini inapotea, mwili unayachukua zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inafanya kinyume, kwa hiyo isogezwe saa moja mbele au nyuma. Dagaa kidogo kwenye maharage, mara mbili kwa wiki, ni protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Kuhusu dona na sembe hapa naomba watu wa semina wawe makini, maana wengi wanasema tu kuleni dona. Ni kweli dona lina kiini na pumba, vitamini za kundi B na nyuzinyuzi zimebaki, lakini mahindi yakivunda stoo sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, inakaa zaidi kwenye sehemu zile zile ambazo kukoboa kunaziondoa. 2016 Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu ya mahindi. Kwa hiyo somo la dona lianzie stoo: magunia yako juu ya mbao au chini sakafuni, paa linavuja, mahindi yalikauka kabla ya kufungwa? Mwanafunzi wa baiolojia wa fomu tuu anaweza kabisa kukagua hayo, na ni mazoezi ya vitendo kuliko kuchora pembetatu ya vyakula.

Mboga nayo ifanyiwe hesabu, isiishie kuhubiriwa. WHO inashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ndo ile mara tano, maana kila mgao ni gramu 80. Shule ya wanafunzi 400 ikitaka kila mtu apate mgao mmoja tu wa mboga kwa siku inahitaji kilo 32 zilizokwisha chambuliwa. Hiyo ni namba ambayo mhasibu wa shule, kamati ya chakula na klabu ya afya wanaweza kukaa nayo, wakapiga bei ya soko la jirani, wakaona kiasi gani kinunuliwe na kiasi gani kitoke kwenye matuta ya shule. Mchicha unavunwa wiki tatu nne baada ya kusia, maji ya kunawia mikono yanatosha kumwagilia matuta kadhaa. Wanafunzi waliofanya hesabu hiyo wenyewe wakaipeleka kwenye kikao cha wazazi wana nguvu kuliko waliokariri kazi za vitamini A. Na duka la shule vivyo hivyo. Soda nyingi za mililita 500 zina sukari kama gramu 50, na gramu 50 ndo mwisho wa siku nzima kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 ukifuata ule mpaka wa WHO kwamba sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Chupa moja imemaliza siku. Kuwaambia wanafunzi hivyo halafu dirisha la duka likabaki na soda, enaji na biskuti bila ndizi wala karanga ni kuwaonea, anayepaswa kusikia kwanza ni aliyetoa kibali cha lile duka, na semina isiyoweza kuligusa kwa sababu mdhamini wake anauza vinywaji vya sukari ni bora itafute mdhamini mwingine.

Kuna kitu kimoja naomba kiachwe kabisa, kupima uzito hadharani. Nimeona mizani inawekwa mbele ya darasa, mtoto anapanda, namba inasomwa kwa sauti, darasa linacheka, kibonge huyo, mbao huyo. Kwanza ni udhalilishaji, na kwa umri huo neno moja linaweza kumfanya msichana aanze kuruka milo. Pili ni makosa ya kitaalamu. Ile mipaka ya 18.5 na 25 ya BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ni ya watu wazima, mtu wa miaka 14 anapimwa kwa jedwali la umri na jinsia, WHO wana jedwali la miaka 5 hadi 19 tangu 2007. Unaweza kumwambia mtoto mzima kabisa kwamba amekonda vibaya, na ukamkosa yule mwenye shida kweli. Kama lazima kupima, wapimwe mmoja mmoja faraghani, na mtaalamu, na kuwe na pa kumpeleka atakayekutwa na tatizo. La sivyo mizani ibaki kwenye gari.

Mazoezi yenyewe yanataka kitu kidogo na cha kila siku. Mwaka 2012 mwalimu mkuu wa shule ya St Ninians huko Stirling, Scotland, Elaine Wyllie, alianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku, wakimbie au watembee kwa kasi wanayoweza, kwa nguo zile zile za shule, bila mashindano wala vifaa. Utafiti uliotoka 2018 ukalinganisha shule mbili, ukakuta wanaofanya hivyo uwezo wa pumzi umeongezeka na muda wa kukaa umepungua. Walikuwa watoto wa msingi, sawa, lakini kilichofanya kazi hapo ni kwamba hakuna aliyechaguliwa na hakuna aliyeadhibiwa. Sisi kitu hicho tulikuwa nacho, tukakiita mchakamchaka, hatuna haja ya kukiagiza. Dakika 15 kabla ya vipindi au baada ya chai ya saa nne, anayetaka kutembea atembee, wenye hijabu na sketi ndefu watembee, mwalimu wa zamu naye akimbie badala ya kusimama na fimbo. Na kichura kifutwe kwenye orodha ya adhabu, kwa maandishi, ubaoni, siku ya semina yenyewe, mkuu wa shule akiwepo.

Ukiiona semina hivi, hata namna ya kuipanga inabadilika. Siku ya kwanza hakuna spika, watu wawili watatu wanakaa jikoni na stoo kuanzia asubuhi, wanafunzi wanaandika bila majina walichokula jana tangu waamke. Siku ya pili makundi ya watu 30 au 40, si bwalo zima, mpishi akiwa mmoja wa wakufunzi maana hakuna anayelijua lile sufuria kama yeye, na afisa lishe wa halmashauri awepo, huyo ndo atakayebaki wageni wakiondoka. Inaisha kwa mambo mawili tu yaliyokubaliwa na mkuu wa shule na kuandikwa. Alafu mnarudi muhula unaofuata mnahesabu: siku ngapi mboga ilipikwa, siku ngapi dakika 15 zilifanyika, wasichana wangapi walikuwemo. Wafadhili wataona hii ni ndogo, wao wamezoea "tumewafikia wanafunzi 3,000". Kuwafikia ni nini? Kama bajeti inatosha shule kumi mara moja au shule tatu mara tatu, wachukue tatu.

Na kuna kundi moja linaloachwa karibu kila mahali, fomu foo. Ukifika unaambiwa hao wasiguswe, wana mtihani wa taifa Novemba, wako kambi. Ndo wanaolala saa chache kuliko wote, prepo mpaka usiku wa manane, ndo wanaoishi kwa chai na enaji, ndo wasiotoka nje hata kutembea kuzunguka uwanja. Kama una nafasi ya darasa moja tu kwenye shule nzima, omba hilo, na umwombe mkuu wa shule akuonyeshe ratiba ya kambi kabla hujafungua mdomo.